Gari Langu Limemkonyeza Mama Mkwe

Leo nimeaibika, jamaa zangu. Siyo aibu ya kuteleza sokoni ukainuka na kujipangusa. Nimeaibika ukweni, nimevaa suti, mchana kweupe, mbele ya mashangazi, majirani na nusu ya kwaya ya kanisa. Na aliyeniaibisha ni gari langu mwenyewe.

Wengi wenu mnalijua. Msiolijua: ni gari la spoti la zamani, jekundu (lilikuwa jekundu), milango miwili, limelala chini kama paka anayewinda. Taa zake za mbele hukaa ndani ya boneti. Ukiziwasha, zinainuka kama macho ya chura. Niliona moja la namna hiyo nikiwa mtoto ukimbizini Tanzania, siku tuliyopelekwa hospitali Kigoma mjini. Lilipita mbele yangu, likafumbua macho, likaenda zake. Nikasema moyoni: hilo.

Tangu hapo nimezunguka. Mwanza, Uvira, Bujumbura. Nimeuza tochi, nimeendesha malori ya watu, na kila mji niliofika nililitafuta lile gari kama mtu anayetafuta ndugu aliyepotezana naye njiani. Amani ilipotulia nikarudi nyumbani, upande wa Gitega, na nani ananisubiri? Lenyewe! Mutaho, nyuma ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja, limezama kwenye majani, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Nikalinunua hivyo hivyo. (Kuku walihama. Manyoya hayakuhama. Mpaka leo ukifungulia feni ya hewa, unapokea unyoya mmoja wa salamu.)

Sasa, leo ilikuwa siku ya gufata irembo, kushika mlango. Yaani wazee wa upande wangu wanakwenda kwao Goreti, Muyinga, kubisha hodi rasmi na kusema kwa kuzungukazunguka kwamba ndani ya boma lile tumeona kitu kinachotupendeza. Goreti ni fundi cherehani. Wao pia ni warejeaji kama mimi, kwa hiyo kwao Kiswahili na Kirundi vinakaa kiti kimoja. Yeye mwenyewe alishanikubali zamani. Mama yake hana neno. Shida ni baba.

"Yule mtu wako ni upepo," mzee alimwambia. "Leo yuko Gitega, kesho hujui. Nikimpa mtoto wangu, nitamtafuta wapi?"

Na mzee hakusema uongo. Kwa hiyo leo nilitakiwa nionekane mtu mwenye mizizi. Mtu mzito. Mtu aliyetulia. (Ndiyo maana nikaenda na gari la mbio. Akili zangu mnazijua.)

Goreti alinisihi kwenye simu. "Dawidi, panda basi kama watu."

Nikamjibu, "We subiri uone."

Ameona.

Wiki nzima nimeishi chini ya gari, mtaani kwetu Musinzira, Gitega, pamoja na Papa Gloria, Mkongomani wa Uvira mwenye duka la spea karibu na kwangu. Nilikata springi ili gari lishuke zaidi. Nikabadilisha ekzosi ili lingurume kwa adabu. Nikahamisha betri kutoka mbele nikaiweka nyuma kwenye buti, chini kabisa, ili uzito ugawanyike vizuri. Wenye magari ya mbio hufanya hivyo. (Hiyo betri, msiisahau.) Kulikuwa na tatizo moja tu. Taa ya kushoto haikuinuka, panya walikuwa wametafuna waya. Papa Gloria akaingiza kichwa ndani ya boneti mpaka mabegani, akatoka anatabasamu.

"Bon, Dawidi, sikia muzuri," akasema, anajifuta mikono. "Taa iko sawa. Lakini klaksoni, usiiguse! Ile waya ya taa nimeikamatisha kwa klaksoni, juste kwa siku mbili hivi. Ukipiga klaksoni, jicho italala, itaamuka, italala, itaamuka."

"Kwa hiyo nisipige honi mpaka Muyinga?"

"We si uko na mudomo? Pigaka makelele."

Nikatii. Mungu ni shahidi, nimetii. Kutoka Gitega mpaka Karuzi, na kutoka Karuzi kwenda mbele, nimetoa kichwa dirishani nikiwapigia kelele mbuzi. "Pisheni! Pisheni, tunakwenda ukweni!" Jamaa mmoja wa baiskeli, amebeba mikungu ya ndizi imemzidi urefu, akanitazama kwa huruma.

"Pita basi, bwana. Unaomba kura?"

Pembeni yangu alikaa Baba mdogo Simoni, msemaji wetu. Baba mdogo ni mtu wa mwili. Wazee wengine walitangulia kwa gari la kawaida, lakini yeye alisema msemaji hawezi kufika kama mzigo, lazima afike na mwoaji. Tulimwingiza kwa kumkunja. Magoti yakamfika kidevuni.

"Dawidi, hili gari tumekaa au tumechuchumaa?"

"Tumekaa, Baba mdogo. Ndivyo yalivyo ya spoti."

"Mana yanje, Mungu wangu! Nimekaa kama napura maharage."

Joto likamzidi, akafungulia feni mwenyewe kabla sijamzuia. Pfuu! Unyoya mweupe ukatoka, ukazunguka, ukamtua juu ya kofia. Nikatazama barabara. Mtu anayekwenda kukuombea mke, humwambii ana unyoya kichwani.

Tukafika. Na hapa nakiri nilijivuna kidogo. Barabara ya kuingia kwao imeinama, tumbo la gari likasugua udongo, krrr, lakini likapita. Nikawasha taa makusudi, mchana ule, ili macho yainuke. Yakainuka yote mawili! Papa Gloria oyee. Uani wamefunga turubai, viti vimepangwa, wazee wao wamekaa upande mmoja, wetu upande wa pili. Baba Goreti katikati, amekunja uso kama mtu anayesubiri habari mbaya. Na mbele kabisa, hatua chache kutoka kwenye boneti, amesimama Mama Goreti na wenzake wa kwaya, vitenge vya sare, tayari kutupokea kwa wimbo.

Mimi nimezima injini. Kila kitu kimetulia. Baba mdogo Simoni akanigeukia, amechukia.

"Tunaingia kimya hivi, kama wezi wa ndizi?"

"Baba mdogo, usi..."

Mkono wake ukapita kifuani kwangu. Kiganja kile, mpana kama sahani ya ugali, kikatua katikati ya usukani.

PIIIIIIII!

Na honi ikakwama.

Jamani. Jicho la kulia limekaa wima, linamtazama Mama Goreti kwa heshima zote. La kushoto likafumba. Likafumbua. Likafumba. Polepole, bila haraka, kama mzee mwenye tabia mbaya kwenye kona ya baa. Mama Goreti akageuka nyuma kutazama nani anakonyezwa. Nyuma yake hakuna mtu. Akajishika kifua. "Mimi?"

Likafumba tena. Wewe.

Wanakwaya wakaanza kuanguka kwa kicheko mmoja mmoja. Mwingine alikaa chini kabisa, kitenge na vumbi havimhusu.

Nikapiga usukani, honi haiachii. Nikazungusha ufunguo, haiachii. Dawa ilikuwa moja tu, kuchomoa betri. Na betri iko wapi? Kwenye buti. Chini kabisa. Na juu yake kuna nini? Makreti ya bia tuliyowaletea wakwe, pamoja na jerikani ya pombe ya ndizi ya Baba mdogo mwenyewe.

Lazima mwelewe uzito wa jambo hili. Ukweni bia haiingii kama mgeni. Kwanza wazee wanasalimiana, wanazungukana kwa maneno, upande huu unajifanya haujui wale wamefuata nini, kisha ndipo msemaji anaomba ruhusa vinywaji viingie. Na mwoaji hagusi chochote wala hasemi neno. Anakaa kama kikapu kipya. Sasa mimi, mwoaji, nimeshika kreti ya bia, suti imenibana mgongoni, nimewapa wakwe makalio, naishusha kwenye majani. Narudi, nachukua nyingine. Honi inalia. Jicho linakonyeza. Baba mdogo amekwama ndani anapiga kioo, "Dawidi! Nitoe!" (Hakuna aliyemtoa. Kila mtu alikuwa na kazi ya kucheka.)

Nikaifikia betri. Nikavuta waya kwa nguvu zote, na kichwa cha waya kikakatikia mkononi mwangu.

Kimya.

Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko honi. Nikainua macho. Gari limezimika katikati ya kukonyeza. Jicho moja wazi, moja limefumba, limemwelekea Mama Goreti, na hivyo ndivyo lilivyobaki.

Wazee wawili wakamvuta Baba mdogo kama kiazi kitamu kwenye udongo mkavu. Akasimama, akanyoosha koti, unyoya bado uko juu ya kofia. Tukakaa. Msemaji wao ni mjomba wake Goreti, Mzee Kasiyani, mwembamba kama mpini wa jembe na ulimi wa kukata majani. Akasimama polepole.

"Amahoro, wageni. Hatuwajui, na hatujui mmefuata nini. Lakini kabla hamjasema, kuna kesi. Bia imeingia bila kubisha hodi. Pili, lile gari limemkonyeza dada yangu mbele ya mume wake. Nani mwenye gari?"

Mimi siruhusiwi kusema. Nikamtazama Baba mdogo, mlinzi wangu, damu yangu. Baba mdogo akakohoa.

"Hatumfahamu, mzee. Sisi tumeomba lifti tu."

Watu wakajipiga mapaja kwa vicheko. Pazia la dirisha lilikuwa linatikisika, na hapakuwa na upepo. Goreti.

"Hilo jicho linaumwa," Baba mdogo akaendelea, anajitahidi. "Limeingiwa na vumbi la Karuzi."

"Linaumwa?" Kasiyani akauliza. "Mbona mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa mbele yake, halikunikonyeza hata mara moja?"

"Lina macho, mzee. Limechagua."

Hapo tulipigwa faini ya kreti moja. (Ilikuwa tayari kwenye majani, tuliokoa muda.) Kila mtu anacheka isipokuwa mmoja. Baba Goreti hajatikisika. Akainua mkono, vicheko vikakatika. Nikajua sasa ndiyo ile hukumu.

Lakini Mama Goreti akamtangulia.

"Baba Goreti, mimi nina neno," akasema. "Tangu turudi kutoka Tanzania, hakuna aliyenikonyeza katika boma hili. Hakuna! Nilidhani desturi hiyo ilibaki ukimbizini. Leo chuma kimenikumbuka. Unasikia, mume wangu? Chuma."

Nadhani mpaka watu wa mji wa Ngozi walisikia kile kicheko. Mzee akatazama chini. Akaibana midomo. Kisha akanigeukia mimi moja kwa moja, kinyume na desturi yote.

"Kijana." (Nina miaka arobaini na kitu. Asante, mzee.) "Gari lako linawaka?"

Baba mdogo akanifinya paja nisijibu. Nikatikisa kichwa, hapana.

"Haliwezi kuondoka?"

Nikaonyesha kichwa cha waya, bado kiko mkononi. Hapana.

"Unalipenda?"

Hapo desturi ikanishinda. Mdomo ukafunguka wenyewe. "Sana, mzee. Nimelitafuta maisha yangu yote."

Mzee akaegemea kiti. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akacheka, kicheko kidogo cha puani.

"Basi liache hapa hapa, kama lilivyo. Mimi shida yangu ilikuwa nitakutafuta wapi. Sasa sikutafuti tena. Kitu unachokipenda kiko kwangu, utarudi mwenyewe." Akamgeukia Kasiyani. "Wafungulie mlango. Na bia inapata joto."

Jamani, mlango tumeshika! Tumekubaliwa kurudi na posa. Mimi, upepo, nimefungwa kamba kwa waya wa betri, na sijawahi kufungwa vizuri namna hii.

Sasa hivi tunarudi Gitega kwa lori la maparachichi, jua linaelekea kuzama. Wazee wetu wenye gari la kawaida walisema nafasi haitoshi kwa mwili wa Baba mdogo, naye akasema haniachi peke yangu. (Anayesema hanifahamu.) Amekaa mbele na dereva, na unyoya wake, anamsimulia jinsi alivyoendesha shauri zima kwa hekima. Nimempigia Papa Gloria kumshtaki.

"Nilikuambia usiiguse klaksoni!"

"Si mimi, ni Baba mdogo."

"Bon. Na mama mukwe alikasirika?"

"Alifurahi."

"Eh! Basi ile waya tuiache vile."

Na dakika hii Goreti amenitumia picha. Dirisha la gari nililiacha wazi, na kuku wa mama yake ameingia, amejikunja kwenye kiti cha dereva, ametulia kama mwenye nyumba. Chini ameandika: "Mwenzio amerudi kwake. Na wewe usichelewe."

Basi, mtakaocheka, najua siwezi kuwazuia. Naomba tu mcheke kwa adabu, jicho moja mkiwa mmelifumba.