Waraka wa Mifuko ya Mbele

Serikali inapenda kuutangazia umma kwamba tatizo la waendesha baiskeli limekwisha. Limemalizwa kwa nguo. Wapo waliopendekeza kuziba mashimo, lakini hiyo ni kazi ya mtu mwenye koleo, haihitaji idara.

Tangazo hilo lilitoka Idara ya Staha Barabarani, ghorofa ya tatu, mezani kwa Mkurugenzi ambaye mara ya mwisho kupanda baiskeli alikuwa darasa la tano. Mkurugenzi alikuwa anautaka ukamishna. Aliutaka mpaka ndotoni alikuwa akiusainia. Waziri angekuja mwenyewe kuzindua njia mpya ya baiskeli, na ofisi nzima ilijua kwamba mambo yakienda sawa siku ile, Mkurugenzi atalala Kamishna.

Waraka wake ulikuwa mfupi. Mwendesha baiskeli ni mtu aliyevaa vazi rasmi la mwendo. Asiyelivaa, hata akikanyaga pedeli kutwa nzima, ahesabiwe kuwa sehemu ya mzigo, na mizigo yote ipite pembeni, kule kwenye mashimo. Vazi rasmi lilipatikana katika duka moja tu mjini, ambalo kwa bahati njema kabisa lilikuwa la shemeji yake.

Lilikuwa duka la kuheshimika. Mlango wa kioo, mashine ya kahawa, kioo cha kujitazamia kirefu kuliko mtu, na jezi zilizotundikwa mbalimbali kama zimegombana. Soksi zake pekee zilikuwa ghali kuliko baiskeli nzima ya mtaani. Baiskeli yenyewe haikuwamo hata moja.

"Zinachafua sakafu," shemeji alieleza.

Kila Jumamosi Chama cha Waendeshaji kilikutana humo. Walikaa juu ya viti virefu, matumbo yamebanwa, bukta zimejaa sponji, wakanywa kahawa na kuujadili upepo. Wakiisha kuujadili upepo, walirudi nyumbani kwa magari yao. Hao ndio Idara iliwatambua kuwa jamii ya waendeshaji.

Siku Mkurugenzi alipokwenda kuchukua vazi lake, aliingia chumba cha kujaribia, akahema, akagonga ukuta mara kadhaa, akatoka. Zipu ilikuwa mgongoni. Mifuko mitatu, ile ambayo mshonaji huiweka kiunoni kwa nyuma, ilikuwa imekaa tumboni. Tayari alikuwa ameshaweka simu katika mmoja, miwani katika wa pili, na mhuri wa ofisi katika wa kati.

"Huyu fundi ana akili," alisema. "Kajua kwamba kiongozi vitu vyake anavitaka karibu."

Shemeji alimtazama. Akaikumbuka oda ya jezi za mgambo wote wa jiji, ambayo ilikuwa bado haijasainiwa.

"Umependeza, shemeji," akasema. "Yaani imekukaa."

Jumamosi iliyofuata chama kizima kilikuwa kimegeuza jezi. Wengine walikuwa wamezivaa sawasawa kwa miaka, lakini nani anataka kuonekana hajui kuvaa mbele ya mtu atakayekuwa Kamishna? Lebo ziliwawasha kooni, wakajikuna kwa adabu. Nyumbani, mke wa Mkurugenzi alimfunga zipu kila asubuhi bila kuuliza, maana alishaolewa siku nyingi. Waraka ukaongezewa kifungu: mifuko iwe mbele.

Mgambo walipewa mafunzo, nayo yakaisha kabla chai haijapoa.

"Mifuko mbele, apite. Mifuko nyuma, au hana jezi, ashuke," Mkurugenzi alisema. "Hata awe nani! Hata awe mama yangu mzazi!"

Mama yake mzazi alikuwa hapandi baiskeli. Aliyepanda ni dada yake mkubwa, muuza mayai, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Trei. Alifika ofisini na trei moja mkononi, ute unachuruzika hadi kwenye zulia.

"Mdogo wangu, njia umetengeneza nzuri, halafu mimi unanipitisha mashimoni? Tazama. Hii ndiyo biashara yangu."

"Dada, nunua vazi rasmi."

"Nikivaa hilo shati mayai yataacha kupasuka?"

"Yatapasuka kwa staha," Mkurugenzi alijibu, na alimaanisha. Mama Trei aliiacha trei palepale juu ya meza, akaondoka bila kuaga.

Siku ya uzinduzi ikafika. Bendi ilipanga tarumbeta, chama kilipanga matumbo, na Mkurugenzi alikaa juu ya baiskeli ya kuazima kando ya jukwaa, mguu mmoja chini. Waziri alikuwa ameamua kuanzia mwisho wa njia na kuja kwa baiskeli, picha zipendeze. Alikuwa amevaa jezi yake kama picha ya kwenye pakiti ilivyoonyesha. Mgambo wa kwanza alinyoosha mkono.

"Mama, shuka."

"Wewe, unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, Mheshimiwa Waziri. Mifuko yako iko nyuma."

Akapitishwa pembeni. Alifika jukwaani anaisukuma baiskeli, kiatu kimoja tope tupu, na bendi haikujua ipige nini.

"Mkurugenzi," alisema taratibu, "kati yangu na wewe, nani kavaa nyuma mbele?"

Mkurugenzi alimtazama shemeji. Shemeji alipima idara, akapima wizara.

"Mheshimiwa Waziri," akasema, "mimi siku zote nasema mifuko inakaa nyuma."

Kufumba na kufumbua, Chama cha Waendeshaji kiliingiza mikono ndani ya jezi, kikazizungusha, kikatoa mikono. Mkurugenzi naye akajaribu. Zipu ilikuwa mgongoni, jezi imembana, na mke wake yuko nyumbani. Alibaki peke yake duniani, mifuko tumboni.

"Bosi, sasa amri ni ipi?" mgambo aliuliza.

"Ni ileile," Waziri alijibu kwa niaba yake. "Ila mifuko iwe nyuma."

Mgambo alimgeukia Mkurugenzi kwa heshima zote. "Bosi, shuka. Ulisema hata awe nani." Baiskeli ikashikiliwa. Ukamishna haukutajwa tena.

Alitembea pembeni ya njia mpaka Mama Trei akamkuta. Dada alimcheka waziwazi, akacheka mpaka akashika goti, kisha akamwonyesha keria. Alimpakatisha trei. Yakabaki mayai matatu yasiyo na pa kukaa.

"Hii mifuko yako kumbe ina kazi," akasema, akayatia moja moja.

Walipotaka kuingia njia mpya, mgambo mwingine, ambaye amri mpya ilikuwa imeshamfikia, aliwasimamisha.

"Umebeba nini, mama?"

"Mayai, na mdogo wangu."

Mgambo alimkagua Mkurugenzi kuanzia kooni hadi tumboni.

"Huyu naye hajavaa vazi rasmi. Anahesabiwa kwenye mzigo." Akanyoosha kidole. "Mizigo inapita kule."

Mama Trei aligeuza usukani bila kubishana, maana njia ya mashimoni aliijua. Shimo la kwanza lilikuwa refu. Yai la mfuko wa kati ndilo lililotangulia kupasuka, juu ya mhuri.