Niliyafungua Macho Yote

Leo nimeumbuka. Tena si kidogo. Nimeumbuka kwa upana wa mita nne, kwenye skrini yangu mwenyewe.

Mnanijua nyote humu kundini. Shule niliiachia darasa la tano, Bujumbura. Leo mtaani hapa Nyakabanda nani hajakodi skrini kwangu? Harusi, gusaba za kuposa, misiba, wote wanakuja. Projekta nilijifunza mwenyewe. Kompyuta nilijifunza mwenyewe. (Hayo mmeyasikia mara mia. Vumilieni, leo ni mara ya mwisho.)

Sasa, binti yangu Divine anasomea mambo ya dawa chuoni. Ametengeneza sinema ya kompyuta inayoonyesha molekuli, yaani vile vitu vidogo ambavyo macho hayavioni. Molekuli ya dawa inaingia ndani ya mdudu wa malaria, inaziba kitundu fulani, mdudu anakufa. Leo asubuhi, kwenye ukumbi wa chuo, alikuwa awaonyeshe wageni wawili kutoka Dar es Salaam, wanaotafuta mwanafunzi wa kumchukua kwenye maabara yao. Mwanafunzi mmoja tu!

"Papa, simamisha skrini, halafu ukae nyuma na wengine."

"Nyuma? Mimi?"

"Papa, tafadhali. Na kompyuta usiiguse."

Nikacheka. Mimi niambiwe habari za kompyuta na mtoto!

Alipotoka kuwapokea wageni, nikachungulia. (Kuchungulia si kugusa.) Pembeni mwa sinema yake kulikuwa na orodha ndefu, kila mstari na alama yake ya jicho. Macho machache yamefunguliwa, mengi yamefungwa, yaani vitu vyake vimefichwa. Roho ikaniruka! Kwenye kazi yangu, picha iliyofichwa maana yake kuna shangazi ambaye hataonekana, na shangazi huyo atanifokea mbele ya wakwe, anifuate mpaka kwenye gari. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: fungua yote. Juu kabisa ya orodha kulikuwa na jicho la kuyafungua yote kwa pamoja. Nikalibonyeza. Kompyuta ikaanza kuwaza. Nikasikia viatu mlangoni, nikakimbilia kuwasalimu wageni.

(Niliwaambia pia nani alimfundisha huyo mtoto kompyuta. Sikuulizwa.)

Divine akaanza vizuri sana, kaipa kompyuta mgongo. "Hapa mtamwona mdudu akiwa peke yake. Dawa bado haijafika. Papa, funua projekta."

Nikafunua kwa madaha.

Yampaye inka, Mungu wangu! Dawa ilikuwa imeshafika, imekaa kama mwenye nyumba. Na juu ya kila kitu, maelfu ya vidoti vyekundu na vyeupe, kama mtu kapindua gunia la maharage.

"Hivyo ni nini?" akauliza mgeni mmoja, daktari, mama wa makamo mwenye miwani.

"Ni maji, daktari. Nilikuwa nimeyaficha. Kila kitu kilitakiwa kitokee kwa zamu yake."

"Na nani ameyafichua?"

Nikakohoa.

Divine akaanza kuyafunga macho, moja moja. Maji yakaondoka. Nyuma ya maji yakabaki maandishi makubwa ya manjano. Kumbe mtoto alikuwa amejiandikia vikumbusho vya mazoezi humo humo ndani, akavificha. Kaviandika kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, ambacho walimu wake hawakisomi vizuri. Wageni wa Dar wakakisoma bila tabu:

PAPA AKIANZA KUJISIFU USIMWANGALIE. ENDELEA TU.



Daktari akageuka polepole. "Mzee, papa ndiye wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Uliyemfundisha kompyuta?"

Nyuma kuna mtu akacheka kwa pua. Halafu wote.

Divine hakucheka. Hakuniangalia. Aliendelea tu, dakika ishirini nzima.

Mwisho daktari akamwambia, "Binti, maelezo yako mazuri, lakini kazi yenyewe hatukuiona. Hatujaamua. Rudi kesho asubuhi utuonyeshe tena. Uje peke yako."

"Na skrini?" nikauliza. (Mdomo wangu huu!)

"Tutatumia ukuta."

Ukuta, jamani! Mimi!

Nimekunja skrini, nimerudi dukani. Mkitaka kucheka, chekeeni nje ya kundi hili. Divine yumo humu, naona yuko hewani, na tangu asubuhi hajaniandikia hata neno. Nadhani kwenye orodha yake jicho langu amelifunga.

Safari hii sigusi kitu.