Shemeji Neville na Baraza Lililovuja Pasaka

"Nikimaliza kazi hii, hakuna tone la maji katika Australia Kusini nzima litakalothubutu kupita hapa!"

Hivyo ndivyo alivyotangaza shemeji yangu, Neville Pascoe, asubuhi ya Ijumaa Kuu, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeinua kopo la gundi kama nabii aliyeinua fimbo mbele ya bahari. Wakati huo tulikuwa na tundu moja tu. Moja!

Lilikuwa kwenye mshono wa baraza letu, ile sebule ya turubai inayoungana na ubavu wa karavani, nyumba yetu ya magurudumu inayokokotwa na gari. Tangu niolewe, kila Pasaka sisi akina Pascoe tunaegesha karavani pale pale kwenye kambi ya likizo, mstari wa mbele, hatua arobaini kutoka ufukweni. Jumapili tunakula mwanakondoo chini ya turubai hilo, kwa sahani za kauri na kitambaa cha meza kilichopigwa pasi. Wengine hapo kambini wanakula kwa sahani za plastiki, wamevaa kaptura. Simsemi mtu.

Mwaka huu mambo yalikuwa mazito zaidi. Binti yangu Merrin alikuwa amechumbiwa na kijana Lukas Zander, na mama yake Lukas, Bi Ottilie, mjane kama mimi, alikuwa anakuja Jumapili kutuona kwa mara ya kwanza. Akina Zander ni watu wa kanisa, wa huko kwenye mashamba ya mizabibu. Nilisikia hata kuni zao wanazipanga kwa urefu! Sikutaka mama huyo arudi kwao kusimulia kwamba mwanawe anaoa kwa watu wanaovujiwa.

"Mama, si tumwite tu Bwana Trembath?" aliuliza Merrin. Trembath ni jirani yetu wa karavani ya pili, mzee aliyeshona matanga na maturubai maisha yake yote.

"Ukoo wa Pascoe hauombi msaada kwa jirani," nilijibu. Nayaandika maneno hayo bila kujitetea.

"Umesema kweli, shemeji!" alidakia Neville. "Niachie mimi. Gundi haishiki penye uchafu. Kwanza nalisafisha turubai zima, ndipo naziba."

Akachukua ndoo ya maji ya moto, akamimina chupa nzima ya sabuni ya vyombo, akapanda ngazi na brashi. Alisugua! Povu lilishuka mpaka kwenye nyasi, ungedhani theluji imepotea njia. Bwana Trembath akapita na kikombe chake cha chai, akasimama.

"Neville. Hiyo ni sabuni?"

"Hapana, ni maziwa. Kwani hujawahi kuona sabuni?"

"Turubai la pamba hilo, bwana. Linaoshwa kwa maji matupu. Sabuni inalivua dawa yote ya kuzuia maji."

"Kwenu labda. Sisi tunapenda usafi."

Mungu anisamehe, nilicheka. Trembath akanywa chai yake, akaenda zake. Nikamwona kwa nyuma mabega yakimtikisika.

Baada ya hapo Neville alipaka gundi kwenye mshono, akapaka kwenye mishono isiyo na kosa lolote, na kwa bahati mbaya akapaka kwenye zipu ya dirisha, ambayo mpaka leo haifunguki. Kisha akaziinua nguzo za mbele mpaka paa likalala sawa kama meza.

"Baba mdogo, si linatakiwa liiname maji yateremke?" aliuliza Merrin.

"Maji gani? Tazama mbingu hiyo!"

Jumapili saa sita akaja Bi Zander: mama mwenye umbo dogo, koti la kijivu, mikononi keki iliyonyunyiziwa chenga za siagi na sukari. Akakaa wima kama yuko kanisani. Neville hakumpa hata nafasi ya kupumua.

"Unaona baraza hili, mama? Kazi ya mikono hii! Mafundi wengine wanaziba tundu. Mimi naipa mvua somo."

Mvua nayo, kama mjuavyo, huku kwetu inasubiri Pasaka kwa hamu kuliko watoto. Ilifika na mwanakondoo.

Dakika ya kwanza, pakavu! Neville akakunja mikono kifuani. "Hata tone!"

Tone likatua kwenye mchuzi wa nanaa.

La pili likatua kwenye viazi. La tatu kwenye paji la uso wa mgeni. Halafu sikuweza kuhesabu tena, kwa sababu halikuwa jambo la matundu. Turubai zima lilikuwa linatoka jasho! Na si jasho tu, jasho lenye povu. Mwanakondoo akaota ndevu nyeupe mbele ya macho yetu.

"Mtu asiliguse," alisema Bi Zander kwa sauti ndogo. "Pamba iliyolowa ukiigusa kwa ndani, inapitisha hapo hapo."

"Hizo ni hadithi za bibi zetu, mama. Tazama!" Neville akabandika kiganja kwenye paa, vidole vyote vitano.

Akatupatia mabomba matano. Maji yalimwingia kwenye mkono wa shati, yakapita kifuani bila hodi, yakatokea kwenye suruali.

Juu, paa lake la meza lilikuwa limekusanya ziwa. Lilining'inia kama tumbo la ng'ombe anayekaribia kuzaa. Neville akakamata ufagio.

"Nalisukuma kidogo tu."

"Baba mdogo, usi..."

Alisukuma. Mpini ukapita juu, ziwa likapita chini, nguzo ya kati ikaanguka na bakuli la viazi likaondoka na mafuriko. Shemeji yangu alibaki amesimama, ufagio mkononi, karoti begani.

Nilitamani ardhi inimeze na sahani zangu za kauri. "Bi Zander, naomba radhi. Familia yetu si..."

Lakini Bi Zander alikuwa amepanda kiti. "Wewe bwana, una urefu gani?"

"Futi sita, mama."

"Vizuri. Simama katikati." Akamvisha kichwani bakuli la mbao la saladi, limepinduliwa. Paa likainuka juu ya bakuli, likapata mteremko, maji yakaanza kukimbilia nje. "Usitikisike."

Kisha akanigeukia, akacheka mpaka akashika meza. "Mama Merrin, marehemu wangu alilifua turubai letu kwa sabuni mwaka tuliooana. Tulilala garini siku nne! Tangu Lukas aniambie mnakula kwa kauri kambini, nimekuwa naogopa kuja. Hili koti nimelishona kwa ajili yenu. Nilimaliza jana."

Nikatazama pindo la koti. Uzi ulikuwa bado unaning'inia.

Nikatoka kwenye mvua, bila mwavuli, mimi niliyefundisha jiografia miaka thelathini bila kuonekana nimelowa, nikagonga karavani ya pili.

"Bwana Trembath, tunavuja."

"Najua," alisema. Alikuwa amekwisha vaa koti, bonge la nta ya nyuki mkononi.

Alishona tundu la ufagio, akasugua nta kwenye mishono na kila palipodondoka, akaziteremsha nguzo za mbele, akaketi kula. Nguzo ya kati ilikuwa imepinda, haifai tena, kwa hiyo Neville hakuruhusiwa kutoka. Tulikula mwanakondoo tuliyemfuta povu, tukapanga harusi iwe Oktoba, na watu wa kambi waliopita na miavuli walichungulia mmoja mmoja kumwamkia.

"Habari za huko juu, Neville?"

Bi Zander alikuwa amesimama mbele yake na kijiko, anamlisha keki kama mtoto wa mwaka mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mdomo wa shemeji yangu ulifunguka bila sifa hata moja kutoka.