Tari la Kiingereza

Jumamosi, 3 Februari

Nafasi imepatikana! Hoteli moja ya Ras Kitau inatafuta mpokea wageni. Usaili ni Alhamisi. Kazi ya kivulini, shati jeupe, wageni wanakuita kwa jina. Nimeitaka tangu mwaka jana. Tatizo: Abdulwahid naye kaomba. Abdulwahid jirani yangu! Mtu hata kofia huivaa kinyume. Lakini ana sura ya upole, na wageni hupenda sura za upole. Chai imenishinda.

Jumapili, 4 Februari

Nimetazama masomo ya Kiingereza kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Kumbe siri yote iko kwenye mikia ya maneno! Sisi sauti huikaza kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi, kazi imekwisha. Wenzetu la. "Hospital" unakaza mwanzo. Ukitia mkia wa "-ity" mkazo unaruka: "hospiTAlity". Mkia wa "-ness" hauhamishi kitu. Wa "-eer" unajichukulia mkazo wenyewe. Nani alijua? Abdulwahid hajui. Hapo Ibilisi akaniletea wazo, nami nikampa kiti. Nitamfundisha Abdulwahid. Makosa matupu!

Jumatatu, 5 Februari

Kaja alasiri kwa miguu yake mwenyewe, shukrani tele. Nimefunga mlango asije mtu akamsahihisha. Nimemwambia kila mkia hupigwa kwa nguvu, wote bila ubaguzi. "HospitaliTY!" "InformaTION!" Ulimi wake mzito, nikashusha tari la marehemu babu asikie pigo linapoangukia. Dum! Mkiani. Kashika haraka. Nimecheka moyoni mpaka mbavu zikaniuma.

Jumanne, 6 Februari

Balaa! Nilisahau niko mji gani. Huku kwetu tari likilia ndani, mlango umefungwa, na Maulidi bado, watu hawaulizi: kuna harusi. Na Abdulwahid ana dada, Raihana, mjane, mzuri, nikisema kweli. Majirani wakajumlisha. Leo katikati ya somo vigelegele vikalia dirishani. Bi Barka wa nyumba ya pili kaleta sinia la halwa, kaniombea kheri na mke wa pili. Nani kamfungulia mlango? Hindu, mke wangu!

Nimemweleza ni Kiingereza. Kasema hajaiona nti ambayo Kiingereza husomeshwa kwa tari. Kafunga nguo zake, kaenda kwa mamake Mbwajumali. Na pasi kaichukua.

Alhamisi, 8 Februari

Usaili. Shati limekunjamana. Meneja, Bwana Ryan, kijana wa Nairobi, kaniuliza kwa Kiingereza mgeni anahitaji nini zaidi. Jibu nilikuwa nalo! "HospitaliTY!" Mkono, bila ruhusa yangu, ukapiga meza. Dum! Kahawa ikamwagika. Nikaomba radhi, nikasema ni "accidenTAL". Dum tena! Kosa nililomfundisha mwenzangu limeniingia mwenyewe mpaka kwenye mifupa. Bwana Ryan kaniuliza kwa Kiswahili kama naumwa.

Kisha Abdulwahid. Hofu ilimfutia masomo yote. Kasema karibu, kaipangusa meza, kamletea bwana kahawa nyingine. Kapata kazi! Kwa meza niliyoichafua mimi! Nimelia kwenye boti wakati wa kurudi, wallahi. Nikasingizia maji ya chumvi.

Ijumaa, 9 Februari

Abdulwahid kanishukuru nje ya msikiti, watu wote wanasikia. Kaniita mwalimu. Nilitamani kumtia kofi. Halafu kaninong'oneza kuwa hoteli iliyo jirani na yake inatafuta mtu wiki ijayo. Alhamdulillahi! Mtu mwema sana, Abdulwahid. Hindu naye karudi, pamoja na pasi, kwa sharti moja: tari lisisikike tena nyumbani humu. Nimeapa. Nikiapa nimeapa.

Shida ni mazoezi. Safari hii najifunza mikia ya kweli, na bila tari sishiki kitu. Lakini akili ninayo! Kwa kina Abdulwahid kuna chumba cha ndani, kuta nene, na mchana mwenyewe yuko kazini. Raihana kakubali kunifungulia. Tutafunga mlango, Hindu asisikie hata pigo moja. Naanza kesho alasiri. Nitapita ndia ya nyuma, majirani wasinione.