Mwenyekiti wa Dawa ya Kuchua

Jumatatu, 3 Machi
Habari tamu! Serikali yetu na ya jirani zinatunga sheria moja ya dawa: kinachoruhusiwa huku kitauzwa na kule. Dawa yangu ya kuchua mgongo itavuka mpaka bila kujificha kwenye gunia la vitunguu! Nikakimbilia ofisi ya dawa kutoa maoni. Karani kasema, mzee wangu, mtu mmoja mmoja hatumsikilizi, tunasikiliza vyama. Tena vyenye wanachama nchi zote mbili. Sawa. Chama ni nini? Mhuri na mwenyekiti. Mwenyekiti yupo.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Mtengenezaji pekee ninayemjua ng'ambo ni shemeji, kaka wa mke wangu, anayeiga dawa yangu. (Yeye husema mimi ndiye mwigaji. Mwongo!) Nikampigia kwa sauti ya asali. Kakubali upesi mno. Kasema kumbe uzee unaniletea adabu. Nikameza. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempata! Dawa yake huyeyuka juani ikawa uji. Chama kitapendekeza: dawa ya kuchua inayoyeyuka juani, marufuku nchi zote mbili. Shemeji kaja, katia saini bila hata kuvaa miwani. Mbuzi kajifunga kamba mwenyewe! Mke wangu kauliza kama yangu nimeijaribu. Nikamwambia aangalie jiko lake.

Jumanne, 11 Machi
Kikao! Wakubwa wa nchi mbili, maji ya chupa, kipaza sauti. Nilinguruma, wakapiga makofi. Mama wa maabara kutoka ng'ambo kasema hii ndiyo faida ya kusikiliza wadau. Mimi, mdau! Sheria ikapita palepale. Kisha mama yule akaweka makopo yetu dirishani, juani. La shemeji likatulia kama jiwe. Kumbe siku hizi anatia nta. Langu likatiririka hadi kwenye viatu vya mkuu wa kikao. Shemeji kaninong'oneza, hongera mwenyekiti, sheria safi kabisa.

Jumatano, 12 Machi
Nimepigwa marufuku nchi mbili. Mke wangu anasema nitie nta kama kaka yake, yaishe. Nta! Mtu aliyezitungia sheria serikali mbili, ahangaike na nta? Wiki iliyopita ng'ambo hawakunijua hata kwa kikohozi. Leo jina langu limebandikwa mpakani, kwa herufi kubwa. Kilichobaki ni kidogo tu. Pendekezo jipya la chama liko tayari: kipimo cha jua kifanyike usiku. Shemeji kasema atatia saini kwa furaha.