Vibati vya Lango la Juu

Jumanne, 11 Machi

Leo nimeanza kazi halali. Mimi! Mwangalizi wa lango la juu, njia za matembezi za mgodi wa zamani. Aliyenipigia debe ni baba mkwe, mchimbaji mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya njia. Si kwa mapenzi. Binti yake, yaani mke wangu, amerudi kwake tangu ule mradi wangu wa vifaranga wa kuku wa mayai, ambao walipokua wakaanza kuwika wote. Majirani ambao mke wangu aliwauzia kwa kuniamini hawamsalimii mpaka leo.

Masharti ya mzee ni mafupi. Jumamosi atakuja kukagua. Akikuta njia inatembewa na mambo yako sawa, mke wangu atarudi nyumbani. Akikuta ujanja, nisikanyage kwake tena. Nikasema ujanja nimeuacha. Akanitazama kama anayekagua nguzo ya handaki.

Kazi yenyewe haina jasho. Njia inapita chini ya mnara wa winchi iliyokuwa ikishusha wachimbaji, inapanda kilima cha kifusi, inazunguka shimo kuu lenye maji ya kijani, inarudi langoni. Langoni kuna ubao wa misumari. Anayeingia anapewa kibati chenye namba, anakitundika. Akitoka anakitungua. Kibati kikibaki ubaoni, haendi mtu nyumbani mpaka mwenyewe apatikane. Ndiyo desturi ya wachimbaji tangu mgodi ulipokuwa hai. Baba mkwe alinieleza mara mbili, kidole hewani. Mimi nilikuwa nawaza koti la kazi litanikaa vipi.

Jumatano, 12 Machi

Hajaja mtu. Amekuja mbuzi, akala tangazo.

Kule lango la chini, kwa shemeji, ubao umejaa. Shemeji ni kaka wa mke wangu. Anatembeza wageni na mabuti yake makubwa, anawaonyesha reli ya vigari kana kwamba aliitandika yeye. Hajawahi kushuka shimoni hata siku moja. Alikuwa dobi wa mgodi! Mimi pia sijawahi, lakini mimi sijivuni.

Jioni akapita kwangu, akautazama ubao wangu mtupu, akaniuliza kwa upole kama nimeanza kuuzoea upweke. Upole ule!

Ijumaa, 14 Machi

Bado hakuna mtu. Mbuzi amerudi, safari hii na mwenzake.

Kesho mzee anakuja. Nimefikiri hadi kichwa kimeuma. Baba mkwe hatakagua watu. Watu wako mlimani, hawaonekani. Atakagua ubao. Ubao ukiwa na vibati, watu wapo. Huu si uongo, ni kutanguliza tu. Wageni watakuja siku moja, mimi nimewashikia nafasi.

Nimenyoa ndevu. Nimefua shuka. Nimepanga viatu vya mke wangu alivyoviacha, jozi kwa jozi, vikitazama ndani.

Jumamosi, 15 Machi

Nianze mwanzo.

Asubuhi nikatundika vibati sita. Baba mkwe akaja na wazee wenzake wa kamati, akauona ubao, uso ukamkunjuka. Akauliza ni akina nani. Hapo ningesema ni watu tu! Lakini ulimi wangu hauna breki. Nikasema ni maharusi, mwalimu na mkewe, na kijana mmoja na bibi yake mwenye fimbo. Bibi nilimwongeza ili njia ionekane rahisi. Mzee akanipiga begani akaniita mwanangu. Mwanangu! Miaka yote hii ameniita wewe bwana. Akasema jioni atamwambia binti yake afungashe.

Mpango ulikuwa kwamba akigeuka tu, nivitungue. Hakugeuka. Akavuta kigoda, akakaa chini ya ubao, akasema atawasubiri awasalimie. Hasa yule bibi. Alitaka kumpongeza.

Mchana ukapita. Mvua ikaanza. Mzee akawa anatazama kilima, anatazama ubao, anatazama kilima. Nikasema labda wametokea lango la chini. Akampigia shemeji. Shemeji akajibu kwake hajatoka mtu asiyeingilia kwake. Nikasema labda wamekimbia mvua wakasahau vibati. Mzee akasimama. Akasema kibati hakisahauliki, na akaagiza kamba na taa.

Habari ikaenea. Wakaja wachimbaji wote wa zamani, wengine na nguo za kulalia chini ya makoti. Wakagawana njia bila kelele. Na mimi nikaenda. Ningefanyaje? Nilipanda kilima cha kifusi, tope hadi magotini, nikiita bibi, bibi! Aibu iliyoje. Kuna mahali nilinyamaza kidogo nisikilize kama ataitika.

Niliporudi nikawakuta kwenye mdomo wa handaki la zamani. Baba mkwe alikuwa anafungwa kamba kiunoni. Alisema yule bibi lazima ameingia humo kujikinga na mvua, na anayelijua handaki lile ni yeye peke yake. Shemeji akamsihi abaki, ashuke yeye badala yake. Mzee akamuuliza toka lini. Akakanyaga ngazi ya kwanza, mguu ukamteleza, akaanguka. Goti likateguka mbele ya macho yangu. Akainuka kwa kushika ukuta, akasema taa iletwe, bibi anasubiri.

Nikasema. Sijui nilisemaje. Nilisema hakuna bibi. Hakuna mwalimu, hakuna maharusi, vibati nilitundika mimi.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ardhi ya hapa imepasuka kila mahali, na bado haikunitaka.

Hakuna aliyenitukana. Bora wangenitukana. Baba mkwe alibebwa hadi langoni, akaomba asimamishwe mbele ya ubao, akavitungua vyote sita mwenyewe. Akasema, bila kunitazama, kwamba kibati cha mdogo wake kilikaa kwenye ubao kama huu mpaka mgodi ulipofungwa, maana hakuna aliyethubutu kukitoa. Kisha akasema apelekwe nyumbani.

Mimi nililia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumapili, 16 Machi

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi sikusikia, guu likateguka la mkuu.

Nilikwenda kuomba radhi. Mke wangu akatoka barazani. Hakupaza sauti. Alisema baba yake usiku kucha ameita jina la mdogo wake, na kwamba mambo ya kuku aliyasamehe, ila hili hajui atalibeba vipi. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimekula. Akaingia ndani.

Kesho nirudishe koti na ufunguo wa kasha la vibati. Nimeapa, na hapa naandika: sitafanya tena hila maishani mwangu. Nitakuwa mtu wa kawaida, anayesema ndiyo kwa ndiyo.

Jumatatu, 17 Machi

Nimerudisha koti. Nimerudisha ufunguo.

Ila njiani nilipata wazo. Si hila. Ni njia ya kufikisha ujumbe. Mimi nikisema najuta, nani ataniamini? Lakini nikipotea kwa majuto, nikatembea na huzuni yangu mlimani nisirudi, mke wangu atakuja mbio. Moyo wake naujua. Basi kabla ya kurudisha ufunguo nikatundika kibati kimoja, na kofia yangu juu yake, wasihangaike kujua ni nani. Sasa niko chumba cha mashine ya winchi, juu kidogo ya lango. Nawaona kupitia ufa wa mlango.

Shemeji ndiye aliyeiona kofia. Alicheka peke yake. Halafu akapiga simu.

Baba mkwe amefika. Goti limefungwa, anatembea kwa magongo mawili. Shemeji anamwambia kwa sauti kubwa hata mimi nasikia: huu ni ujanja mwingine, hata mtoto mchanga angeujua. Mzee anajibu kwamba huenda ni ujanja, lakini kibati ni kibati. Anaomba kamba.

Wazee wenzake wanaanza kufika. Mvua nayo. Wameanza kuniita. Baba mkwe ananiita mwanangu.

Natoka. Aibu inanichoma mpaka masikioni, natoka sasa hivi.

Ila mke wangu simwoni. Labda yuko njiani. Ngoja waite kidogo.