Ramani ya Mitaro na Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Balaa! Madamu Goretti, mkuu wetu, katangaza kwamba Jumatano watumishi wote wa ofisi ya jiji tutafundishwa takwimu huria kwa kucheza. Watu wazima na ndevu zetu, tukirusha dadu! Kila idara itapewa kadi, na anayefungua kadi zake ndiye mshindi. Kisha mafaili yenyewe yatawekwa mtandaoni, wananchi wayasome bila kutuomba.

Bila kutuomba! Ramani ya mitaro naitunza mimi. Kila Alhamisi Rukiah wa idara ya afya huja kuiomba. Hukaa kile kiti cha dirishani, tunakunywa chai, ananitania kwa Kiswahili cha kambi ya polisi, tulikokulia sote. Ramani ikienda mtandaoni, atakuja kufanya nini? Sikubali. Mchezo huu nitauharibu.

Jumatano, 10 Septemba
Kadi ya mitaro nimeikalia. Kwa makalio haya haya. Dadu ikaleta mvua, mtaa wa Namuwongo kwenye ubao wa mchezo ukajaa maji. Wakauliza kadi ya mitaro anayo nani. Nikatazama dari. Olal wa mapato, mbea mkubwa, akaninyooshea kidole, akasema Okullo anajua. Nikaapa sijui.

Hapo Rukiah akasema polepole kwamba mama yake anakaa kule kweli, karibu na reli, na mvua iliyopita alihama na godoro kichwani. Moyo ukaniuma. Nikainuka niende msalani kutafakari. Jasho! Kadi ilikuwa imenigandia kwenye suruali. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, isipokuwa Rukiah. Njia ya mwongo fupi.

Jioni ramani nimeiweka mtandaoni mwenyewe. Kwa ajili ya mama yake. Nimeumia sana.

Alhamisi, 11 Septemba
Hakuja. Nilichemsha chai ya watu wawili, nikainywa yote. Kiti nilikifuta vumbi ambalo halikuwepo. Olal kapita, akataka kukikalia! Nikamwambia kimevunjika.

Alhamisi, 18 Septemba
Kaja! Na kikomando kutoka Wandegeya, maharage yangali moto juu ya chapati. Akakaa pale pale. Akasema wiki iliyopita alikuwa na hasira ya kadi. Mama yake kaambiwa yote, hata habari za suruali, na ananisalimia. Nikamuuliza, ramani si iko mtandaoni, sasa amefuata nini?

Akacheka. “Wewe Okullo, ile mapu niko nayo kwa simu tangu siku ya kwanza. Nilipiga picha wewe ukichemsha chai. Sasa miezi yote hii nilikuwa nakuja kuangalia nini, ssebo?”

Nikamwongezea chai. Akaniachia kipande cha mwisho cha chapati, akaenda zake. Nimewaza mpaka ofisi inafungwa, na nimeng'amua: anataka takwimu za vyoo, nazo pia nazitunza mimi! Nimezifungia kabatini. Subira huvuta heri. Alhamisi ijayo lazima aje kuziomba, na ufunguo nimeukalia.